Mali Bila Daftari
Historia ya Vitabu na Ofisi katika Nachingwea na Ruangwa



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, ni desturi kuhesabu tani zilizouzwa, maghala yaliyojengwa na mizani iliyonunuliwa. Hesabu hiyo yastahili kufanywa, na wenye kuifanya wana haki ya kuifurahia. Sisi tumeomba nafasi tuseme habari za jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yameonekana ukweli wake katika nchi hii yetu ya Nachingwea na Ruangwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na gharama yake tumeilipa sisi wakulima.

Twaomba msomaji akumbuke siku moja ya mwezi wa Oktoba, wakati korosho zimeiva na watu wamejipanga mbele ya ghala. Mkulima amefika na magunia yake. Amelima, amepulizia salfa, ameokota, amekausha. Karani anafungua kitabu, anapitisha kidole juu ya majina, kisha anainua macho na kusema, "Mzee, jina lako halimo." Hapo jasho la mwaka mzima laning'inia katika mstari mmoja wa wino. Mkulima yule huambiwa aende kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji humpeleka Kata, Kata humpeleka Wilayani, na kila mlango humwuliza swali lile lile: "Una karatasi gani?"

Swali hilo si geni. Babu zetu waliulizwa, na baba zetu waliulizwa. Katika makala hii twataka kueleza jinsi karatasi zetu zilivyoanza, jinsi zilivyohamahama, na mahali zinapopatikana leo, ili mwanachama asizunguke kutoka ofisi hadi ofisi kama kuku aliyepotewa na vifaranga.

Kabla ya karatasi

Zamani, kabla ya boma na karani, nchi hii haikukosa kumbukumbu. Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo walikuwa na mashahidi wao. Mpaka wa shamba ulijulikana kwa mti, kwa kichuguu, kwa kijito. Haki ya ukoo ilijulikana kwa makaburi ya waliotangulia. Na kwa kuwa makabila haya aghalabu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mtunza kumbukumbu mkuu alikuwa mjomba. Ndiye aliyejua nani ni mtoto wa nani, nani alipewa bonde lipi, na kwa sababu gani. Umri wa mtu ulijulikana kwa jando alilochezwa, au kwa njaa na vita vilivyotokea alipozaliwa.

Kumbukumbu hizo zilikuwa na nguvu, maana kila mtu alizisikia hadharani na aliyetaka kuzipotosha alikanushwa papo hapo na wazee wenzake. Lakini zilikuwa na udhaifu mmoja: zilikaa vichwani mwa watu, na watu wakihamishwa au wakifa kabla ya kusimulia, nazo zikaondoka pamoja nao.

Risiti ya kodi

Wajerumani walipokwisha kuishika Lindi mwaka 1890, walileta utawala wa boma, na chini ya boma wakaweka maakida na majumbe. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani wajuao kusoma na kuandika Kiswahili, na hivyo kalamu ikaingia bara. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Kwa mkulima wengi wa wakati ule, karatasi ya kwanza ya serikali aliyoishika mkononi haikuwa cheti cha kumpa haki, bali stakabadhi ya kuonyesha kwamba amelipa. Aliyekuwa nayo alipita. Asiyekuwa nayo alishikwa.

Jambo hilo tusilipuuze, kwa sababu liliacha alama moyoni. Watu walijifunza kuiona karatasi kuwa ni mtego wa mtawala, na daftari kuwa ni orodha ya kukamatwa. Kodi, kazi ya kulazimishwa na kilimo cha pamba cha amri vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na katika Agosti boma la Liwale, jirani zetu, likaanguka mikononi mwa wananchi. Vita vilipozimwa mwaka 1907, njaa ilikuwa imekwisha kuua watu wengi katika nchi ya kusini. Na kila mzee aliyekufa kwa njaa aliondoka na daftari la ukoo wake.

Sehemu ya majalada ya Wajerumani yamehifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa upande mwingine, mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini wakaandika masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Hivyo vita vile vina mashahidi wa aina mbili: jalada la mtawala, na sauti ya mtawaliwa. Anayesoma moja bila ya kusikia ya pili hajaijua habari yote. Funzo hilo tutalirudia.

Kitabu cha Bwana Shauri

Walipokuja Waingereza, Gavana Donald Cameron aliamua kutawala kwa njia ya wenyeji, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikatoka mwaka 1926. Katika nchi zenye wafalme jambo hilo lilikuwa rahisi. Kwetu, ambako kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake, Bwana Shauri alilazimika kuuliza: nani ni mkubwa wa hapa? Majibu aliyopewa aliyaandika katika Kitabu cha Wilaya, pamoja na habari za koo, mipaka, mila za ardhi na ndoa, mashamba na kodi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa bomani, navyo vimehifadhiwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa.

Yatupasa kuvisoma kwa shukrani na kwa hadhari pia. Kwa shukrani, maana vimehifadhi majina na mambo ambayo yangalisahaulika. Kwa hadhari, maana mwandishi aliandika aliyoambiwa na wale waliomfikia. Ukoo uliosogea karibu na meza ya Bwana Shauri uliandikwa. Ukoo uliokaa mbali porini ukaachwa, na pengine hata leo huonekana katika karatasi kana kwamba haukuwako.

Kulikuwa pia na vitabu vya barazani, ambamo makarani waliandika kesi za mashamba, mahari na madeni. Baraza hizo ziliondolewa, na kwa Sheria ya Mahakama ya mwaka 1963 zikaja Mahakama za Mwanzo tunazozijua. Kadhalika misheni zilikuwa na vitabu vyao vya ubatizo na ndoa: Wamisionari wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakaweka kituo Ndanda mwaka 1906. Serikali ilikuwa na sheria ya kuandikisha vizazi na vifo tangu mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikumfikia mkulima wa kawaida. Hivyo mzee mwenye kadi ya ubatizo alikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mwenzake asiyebatizwa, ingawa walichezwa jando moja, hakuwa na tarehe.

Karanga zilizoandika Nachingwea

Mji wa Nachingwea kama tuujuavyo ulizaliwa katika ofisi. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliishauri Serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika ya Mashariki kwa mashine, ili wananchi wa Uingereza wapate mafuta baada ya vita. Mpango ukachorwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Huku kusini matingatinga yakafyeka misitu, wapimaji wakagawa nchi kwa namba, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954.

Lakini kabla bandari haijafunguliwa, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, na hasara iliyofutwa katika vitabu ilikaribia pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Sidhani, ndugu wasomaji, kama kuna kazi nyingine katika nchi hii iliyoandikiwa ripoti nyingi kama ile. Karatasi zilijaa makabati, ila habari za mvua, udongo na magugu, ambazo mkulima yeyote angalizieleza bila malipo, zilitafutwa baada ya hasara.

Katika yote yale, alama moja ya daftari la wapimaji ingali midomoni mwetu: jina la Farm 17. Ile ilikuwa namba ya shamba tu. Baadaye FRELIMO walipewa mahali pale wakafundisha wapiganaji wao, na ndiko Nachingwea alikotokea Samora Machel mwezi wa Mei 1975 alipoanza safari ya kuvuka Ruvuma kwenda kuipokea nchi yake huru. Leo pana shule yenye jina hilo. Hivyo namba iliyoandikwa na mpimaji asiyejua jina la mahali imekuwa jina lenyewe, na majina ya wazee waliolima pale kabla yake wayajuao ni wachache.

Majalada yaliyohama

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 twategemea msomaji aseme: sasa vitabu vimekuwa vyetu. Ni kweli; lakini vilianza safari ndefu. Machifu waliondolewa katika utawala mwaka 1963, na Halmashauri za Wilaya zikashika nafasi yao. Jimbo la Kusini likagawanywa, na sisi tukawa katika Mkoa wa Mtwara. Mwaka 1971 Mkoa wa Lindi ukaundwa, tukarudi kutazama Lindi. Mwaka 1972 Halmashauri zilivunjwa, kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu wilayani na mkoani. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuzirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Mwaka 1995 Ruangwa ikawa wilaya, na watu waliozoea kufuata huduma Nachingwea au Lindi wakapata makao yao makuu karibu na nyumbani.

Mabadiliko hayo tumeyataja kwa pupa, maana kila mmoja wetu anayajua. Ambalo halisemwi mara nyingi ni hili: kila ofisi ilipohama, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mkulima. Ofisi mpya haikuuliza, "Jalada la mzee huyu tumeliacha wapi?" Ilimwuliza mzee, "Una karatasi gani?" Mtu wa kijiji cha Ruangwa anayetafuta habari ya shamba lililogombewa mwaka 1965 hana budi kujua kwamba siku zile hapakuwa na Wilaya ya Ruangwa wala Mkoa wa Lindi, basi akitafuta chini ya majina hayo hatapata kitu. Atafute kwa jina la mamlaka iliyokuwako siku hiyo. Huo ndio ufunguo wa kwanza wa kutafuta kumbukumbu yoyote, na twawaomba vijana wetu waukariri.

Mahame na mikorosho

Hakuna safari iliyovuruga kumbukumbu zetu kama ile ya watu wenyewe. Katika miaka ya 1970, hasa tangu 1973 hadi 1976, wananchi walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na watu, na shabaha hiyo hatuidharau. Wengi wetu tulisoma katika shule hizo. Lakini mkorosho hauhamishwi. Nyumba zilibomolewa, watu wakaenda kando ya barabara, na mikorosho ikabaki kwenye mahame, pamoja na miembe na makaburi.

Mazao yalieleza hasara hiyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: bei ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga, na umbali kati ya mkulima na miti yake. Sisi twaongeza sababu inayotokana na hiyo ya mwisho: mashaka. Mtu asiyejua kama miti ile ingali yake hana moyo wa kuifyekea.

Basi ikazuka migogoro ambayo hata leo twaisikia barazani. Mmoja asema, "Hapa ni mahame ya babu yangu." Mwingine asema, "Hapa nilipewa na kijiji." Wote wawili huweza kuwa wakweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilitoa jibu ambalo kila mwanachama yafaa alijue: ardhi iliyogawiwa watu waliohamia au kuhamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 yatambuliwa kuwa iligawiwa kwa halali. Kwa hiyo aliyegawiwa bonde mwaka 1975 ana haki, mradi aweze kuonyesha kwamba aligawiwa. Na aonyeshe kwa nini? Kwa muhtasari wa mkutano, kwa kitabu cha kijiji, au kwa mashahidi walio hai. Vitabu vingine vimeliwa na mchwa, na mashahidi nao wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana twasema jambo hili ni la leo, halingoji.

Ruangwa kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Yamegunduliwa madini ya kinywe na vito, na palipo na madini huja siku ya fidia. Siku hiyo mpimaji huja na orodha. Mwenye hati husoma jina lake. Asiye na hati huanza kueleza.

Daftari la ushirika

Sasa tujitazame wenyewe. Sheria ya kwanza ya ushirika katika Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na baada ya Uhuru Serikali ilivieneza vyama hadi sehemu ambazo havikufika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, kazi ya kukusanya mazao ikawa ya vijiji na mamlaka za mazao. Mwaka 1982 vikaruhusiwa tena. Waliokuwa na akiba na hisa katika vyama vilivyovunjwa walijua uchungu wa kuwa na haki iliyoandikwa katika kitabu kilichofungwa. Leo twaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na mauzo ya korosho kwa stakabadhi ghalani yakaanza mwaka 2007. Mfumo huu, pamoja na manung'uniko yote tuliyo nayo juu ya makato na ucheleweshaji, umejengwa juu ya karatasi: uzito, daraja, jina na namba ya akaunti. Karatasi ikiwa sahihi, mkulima wa kijiji cha mbali hupata bei ile ile ya mnada kama jirani wa ghala. Karatasi ikikosewa herufi moja, fedha huenda benki na kurudi.

Mwaka 2018 ulitufundisha kwa ukali. Wanunuzi walipotoa bei ndogo, tarehe 12 Novemba mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Kabla ya malipo, wahakiki walipita vijijini kulinganisha majina, mashamba na mizigo, ili kuwatenga wafanyao kangomba, yaani wanaomnunulia mkulima kwa kibaba na kwa bei ya kumlalia kabla ya msimu. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini mkulima wa kweli ambaye shamba lake halikuandikwa popote alijikuta akisimama mstari mmoja na mlanguzi, akiulizwa maswali yale yale, na wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Hakuna aliyeweza kuwasaidia ila daftari la kijiji na daftari la chama cha msingi. Na mahali palipokuwa na madaftari mabaya, hapakuwa na msaada.

Ziko wapi leo?

Kwa faida ya wanachama, twapanga hapa milango kwa utaratibu wake, tukianza na ule ulio karibu na nyumbani.

Mlango wa kwanza ni kitongoji. Mwenyekiti wa Kitongoji ndiye ajuaye wakazi wake, na barua ya utambulisho huanzia kwake.

Mlango wa pili ni ofisi ya kijiji, nao ndio mkubwa kuliko yote ingawa jengo lake ni dogo. Hapo Afisa Mtendaji hutunza rejesta ya wakazi, mihtasari ya Halmashauri ya Kijiji na ya Mkutano Mkuu, hesabu za mapato na matumizi, na masijala ya ardhi ya kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao yapasa ukutane walau kila miezi mitatu. Maombi ya hati ya haki miliki ya kimila huanzia hapa. Hati hiyo hutiwa saini na viongozi wa kijiji na mwenye ardhi, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huitia saini na mhuri na kuiandikisha. Mke na mume waweza kuandikwa pamoja, na sheria yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Twawasihi wanaume wenzetu wasifiche jambo hili.

Mlango wa tatu ni kata. Hapo yuko Afisa Mtendaji wa Kata na Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Hukumu ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watoto walio chini ya miaka mitano huandikishwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya. Mzazi anayekiacha cheti hicho leo atakitafuta kwa nauli na machozi mwanawe akitaka kwenda chuoni.

Mlango wa nne ni Mahakama ya Mwanzo. Mwanachama akifariki, warithi wasikimbilie ghalani. Wapate cheti cha kifo, wafanye kikao cha ukoo na kuandika muhtasari, kisha mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hapo chama kitajua kimlipe nani, na mjane hatanyang'anywa.

Mlango wa tano ni wilaya: Halmashauri yenye masijala ya ardhi, kilimo, ushirika na mengineyo, na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako pia hufuatwa vyeti vya vizazi na vifo kwa Wakala wa RITA.

Na nyuma ya milango yote pana Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2002. Huko ndiko Vitabu vya Wilaya viliko, pamoja na majalada ya zamani yaliyotoka mabomani. Kwa kawaida majalada yaliyotimiza miaka 30 hufunguliwa kwa watafutaji.

Anayefika mlango wowote katika hiyo asiende kama mwombaji wa sadaka. Ibara ya 18 ya Katiba yampa kila raia haki ya kutafuta na kupewa habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, yaitaka ofisi ya umma iliyoandikiwa ombi ijibu katika muda usiozidi siku 30. Basi aandike barua, abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na ahesabu siku.

Neno kwetu sisi wenyewe

Tumesema mengi juu ya ofisi za watu. Isingekuwa haki kunyamaza juu ya zetu. Chama cha msingi nacho ni ofisi, na katibu wetu naye ni mtunza kumbukumbu. Orodha ya wanachama, sheria ndogo ndogo na hesabu zilizokaguliwa ni vitabu ambavyo mwanachama ana haki ya kuvitazama. Kiongozi anayejibu, "Rudi kesho, mwenye ufunguo hayupo," amekalia kiti kile kile cha akida.

Kwa hiyo, kwa miaka kumi ijayo, twatoa shauri la mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kisome orodha ya wanachama wake hadharani kabla ya msimu wa ufuta na kabla ya msimu wa korosho, jina kwa jina, ili makosa yasahihishwe wakati bado kuna nafasi na si mbele ya mizani. Pili, kila mwanachama aandikishe mrithi wake chamani na aanze safari ya hati ya shamba lake kijijini. Tatu, kila kijiji kiwakusanye wazee wake wanaokumbuka ugawaji wa miaka ya 1970, waseme mbele ya mkutano, wakubaliane au wapingane hadharani kama ilivyokuwa desturi zamani, na maneno yao yaandikwe katika muhtasari wenye saini na mhuri. Hapo sauti ya mzee na wino wa karani vitakuwa shahidi mmoja, jambo ambalo utawala wa boma haukulifanya.

Babu zetu waliandikwa ili watozwe. Sisi hatuna budi kuandika ili tusidhulumiwe. Siku moja ya Oktoba, mjukuu wa mmoja wetu atasimama mbele ya karani na kuulizwa swali lile la zamani, "Una karatasi gani?" Na afungue mkoba wake bila haraka, aitoe karatasi hiyo, na aipeleke korosho yake mizanini.

Ushirika wetu na udumu.